Siku moja na gesi ya kuzimia moto, Lamu

Saa 12:30 asubuhi. Boti ya Mokowe imejaa. Feni yangu nimeifunga turubai, maji ya chumvi hayana huruma na mota. Nahodha anauliza harusi ni ya nani. Namwambia leo napepea chumba cha kompyuta.

Saa 2:00. Punda ametangulia na mzigo. Ofisi imo ndani ya nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, dari yake ya boriti, seva ziko chumba cha nyuma. "Sabalkheri, mwanangu," anasema mzee mlinzi. "Akheri, mzee."

Kabla ya chochote naiweka paneli, yaani ubongo wa mfumo wa kuzimia moto, kwenye hali ya matengenezo na kuchomoa kwenye vali solenoidi, kifaa cha umeme kinachofungua mtungi wa gesi. Vitambuzi viwili vya moshi vikiitikia kwa pamoja, paneli husubiri kidogo, mara nyingi sekunde 30, kisha mtungi humwagika ndani ya sekunde 10. Gharama ya kuujaza mhasibu hataki hata kuisikia.

Geji inasoma vizuri, lakini geji pekee siiamini, napima na uzito. HFC-227ea, ndiyo gesi iliyo mtungini, ikipungua zaidi ya asilimia 5, mtungi hurudi kujazwa. Huu uko sawa. Kutu kwenye kishikio cha ukutani nasugua na kupaka rangi.

Saa 4:00. Sasa kazi yenyewe. Feni naifunga mlangoni, inavuta hewa, nami napima chumba kinavuja kiasi gani. Gesi ikishamwagika inatakiwa ikae dakika 10 hivi, moto usiwake tena. Nyumba hizi zilijengwa zipumue! Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutorokea chini.

Mzee anauliza kwa nini tusitumie maji tu. Kwa sababu maji yangeua seva zilizobaki. Gesi hii kazi yake kubwa ni kunyonya joto la moto, na haiachi hata tone. Hata hivyo kengele ikilia, toka: ikigusana na miali hutoa asidi kali ya floridi.

Chumba kinafeli. Nawasha kijiti cha udi, nakipitisha ukutani taratibu. Nyuma ya kabati moshi unapinda na kukimbilia chumbani: tundu la nyaya mpya za kamera, pana kama ngumi. Aliyelitoboa hakuona haja ya kuliziba. Ndiyo maana mafundi wa kamera hunipandisha presha kuliko moto wenyewe.

Saa 7:00. Swala, wali wa nazi, samaki.

Saa 8:00. Naziba tundu kwa lakiri isiyoshika moto, na mpira mpya chini ya mlango. Feni tena. Safari hii kimefaulu.

Saa 10:00. Meneja anataka tuhamie nitrojeni na agoni, kwani HFC, jamii ya gesi hii yetu, zinapunguzwa duniani tangu makubaliano ya Kigali ya 2016. Hoja ni nzuri, ila mitungi yake ni mingi na hapa hata kabati halifunguki vizuri. Namshauri abaki na mtungi huu hadi utakapoisha muda wake.

Solenoidi narudisha mwisho, paneli kwenye otomatiki. Mzee ameshabandika karatasi ukutani: USITOBOE, MUITE FUNDI WA GESI.