Kumbukumbu ya mradi: mtambo mdogo wa kukeneka mafuta ya mchaichai

Mradi ulioko mezani sasa ni mtambo wa kukeneka, yaani kuchemsha kitu kitoe mvuke kisha kuupooza mvuke huo urudi kuwa majimaji. Ni ule wa mtindo wa sufuria: chombo kinachochemka, kofia ya kukusanya mvuke, bomba, na koili (bomba lililozungushwa duara juu ya duara) iliyozama kwenye maji baridi. Basi. Wengi wakisikia mtambo wa aina hii wanawaza pombe kali, kwa hiyo nilimalize hilo mapema: mimi sikeneki pombe. Nchi nyingi zinakataza kuikeneka nyumbani bila leseni (New Zealand ni kati ya chache zilizoruhusu, tangu 1996), na mvuke wa pombe ukivuja karibu na jiko unashika moto. Ninachotafuta ni mafuta ya manukato yaliyomo kwenye majani. Nimeanza na mchaichai kwa sababu harufu yake haijifichi. Hata mtambo mbovu utakupa kitu cha kunusa.

Kabla ya kukata bomba

Kazi ya kwanza ilikuwa hesabu. Wanaoanza huhangaika sana na sufuria: iwe ya shaba, ing'ae, iwe na tumbo la mviringo kama la picha za zamani. Mimi naona sufuria ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi ngumu iko upande wa baridi.

Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,257 hivi. Joto hilo halipotei njiani. Linasafiri na mvuke, na koili inatakiwa kulitoa lote kabla tone halijafika kwenye chupa. Jiko la umeme la wati 2,000, kama halipotezi chochote, linatoa mvuke wa kilo tatu na ushee kwa saa. Sasa chukua maji ya kupoozea yanayoingia yakiwa nyuzi 25 na kutoka yakiwa nyuzi 50: kwa kila lita unayokeneka yatahitajika zaidi ya lita 20. Ndoo moja ya maji iliyotulia inakuwa imepata moto kabla hata hujamaliza lita ya kwanza. Kwa hiyo niliamua tangu mwanzo kwamba maji yatapita, hayatakaa.

Sufuria yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, lita 12, yenye mfuniko unaobana kwa vishikizo. Ndani nimeweka bamba lenye matundu juu ya vijiguu, ili majani yakae juu ya maji badala ya kuogelea humo. Majani yanayochemshwa moja kwa moja huungua chini maji yakipungua, na harufu ya kuungua hupanda na mvuke mpaka kwenye chupa.

Koili

Bomba la shaba nyekundu, milimita 10 kwa nje, mita tatu. Shaba inapitisha joto mara 20 na zaidi kuliko chuma kisichoshika kutu, na inakunjika kwa mikono. Inakunjika, lakini pia inabonyea, na ikishabonyea hairudi. Dawa yake ni mchanga mkavu, laini, uliochekechwa: ziba mwisho mmoja, mimina mchanga huku ukigonga bomba pole pole ili ushuke na kujaa, kisha ziba mwisho wa pili. Baada ya hapo nikalizungusha kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha sentimita 12. Kila mzunguko unakula sentimita 41 hivi, kwa hiyo mita tatu zinatoa mizunguko saba na kipande kinachobaki cha kuingilia na kutokea. Usikunje kwa kuvuta bomba. Zungusha kile kiini huku dole gumba likilisindikiza bomba pale pale linapogusa. Unasikia mchanga ukisaga ndani. Sauti hiyo ikikatika ghafla, simama ukague.

Kumwaga mchanga kulichukua muda kuliko kukunja. Maji ya presha, kutikisa, maji tena, mpaka yanayotoka yawe meupe.

Kitu cha kuangalia kwa jicho kali: koili lazima iteremke mfululizo toka juu hadi chini. Mzunguko mmoja ukiinama na kuinuka tena, maji yatatuama hapo, mvuke utayasukuma kwa mafungu, na mtambo mzima utaanza kukohoa. Niliweka koili kwenye ndoo yenye matundu mawili. Maji baridi yanaingia chini na ya moto yanatokea juu, kwa hiyo sehemu ya koili iliyo karibu na chupa ndiyo inayokutana na maji yaliyo baridi kuliko yote.

Viungo

Hapa ndipo usalama ulipo. Pa kulehemu nimetumia bati lisilo na risasi, na hakuna kitu chochote chenye mabati ya zinki kwenye njia ya mvuke. Gasketi za mpira nimezikataa pia, maana mafuta haya yanakula mpira na kuondoka na ladha yake. Kwenye nati nimetumia utepe wa tefloni.

Ukingo wa mfuniko nimeuziba kwa unga uliokandwa na maji, donge gumu kiasi, linalobandikwa kuzunguka pote. Linaonekana kama ujanja wa mtu asiye na vifaa, kumbe ni utaalamu mkongwe. Zosimos wa Panopolis, mwandishi wa Misri aliyeandika karibu na mwaka 300 BK, anamtaja Maria, mwanaalkemia (mtaalamu wa kemia ya kale) aliyeeleza mtambo wa mabomba matatu: mabomba yawe na unene wa kikaango cha shaba, na viungo vizibwe kwa unga. Mimi naupendea jambo jingine: unga ni dhaifu. Kipande cha jani kikiziba bomba, presha itapasua unga kabla haijarusha mfuniko. Mtambo huu haupaswi kufungwa kabisa hata kwa dakika moja. Mwisho wa koili unabaki wazi wakati wote, na chupa inayopokea haibanwi kizibo.

Maji matupu

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa maji na siki, wa pili maji peke yake. Siki inang'oa masalia ya kulehemu na ule ukungu wa kijani wa shaba. Yote yaliyotoka yalimwagwa. Ndipo nikapima kasi: kwenye moto wa kati, lita moja na nusu kwa saa, ikitoka ya uvuguvugu tu mkononi. Koili imejitosheleza.

Mchaichai

Kilo mbili za majani, yaliyokatwa vipande vya kidole na kuachwa yanyauke kivulini usiku mmoja. Yaliyonyauka yanapakika vizuri zaidi. Usiyashindilie mpaka mvuke ukose pa kupita, wala usiyaache na mapengo, maana mvuke ni mvivu: ukipata uchochoro mmoja utapita hapo hapo na kuacha majani mengine mabichi.

Sitrali, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya mchaichai, peke yake huchemka karibu nyuzi 229. Kwenye mtambo inatoka chini kidogo ya 100. Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na presha zao zinajumlishwa. Jumla ikifikia presha ya hewa, mchanganyiko unachemka. Mafuta yanachangia kidogo tu, lakini hicho kidogo kinatosha kuyapandisha bila kuyaunguza. Ndiyo maana sufuria ya kawaida inaweza kazi hii.

Matone ya kwanza yalikuja meupe ya maziwa, yakigeuka angavu kadiri chupa ilivyojaa. Juu ya maji kukaanza utando wa njano hafifu, kwanza madoa yanayokimbizana, kisha duara moja. Sehemu kubwa ilitoka nusu saa ya mwanzo. Nilipoongeza moto kujaribu, chumba kizima kikanukia mchaichai, na hiyo si habari njema: harufu iliyo hewani haimo kwenye chupa. Moto ukarudi chini.

Mavuno: mililita sita na kidogo. Kwa majani mabichi asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito ni kawaida, kwa hiyo tumo ndani ya mstari. Chupa ya kupokelea ina shingo nyembamba ili utando uwe mnene na uweze kuvutwa kwa sindano ya kioo. Maji yaliyobaki chini yana harufu yake, mepesi na matamu kidogo. Nusu nimeyaweka, nusu yatarudi kwenye sufuria mzunguko ujao, kwa sababu bado yameshika mafuta. Mafuta yamo kwenye kichupa cha kioo cheusi. Plastiki haifai, na ngozi pia haitaki mafuta haya yakiwa makali hivi bila kuzimuliwa.

Kinachofuata

Karafuu. Mafuta yake ni mazito kuliko maji, yanazama, kwa hiyo hii chupa ya shingo nyembamba haitafaa. Nitahitaji chombo kilichochongoka chini, chenye koki ya kutolea mafuta na mdomo wa pembeni juu wa kumwagia maji. Faneli ya kutenganishia ya kioo inaweza kuanzia kazi. Na kwa kuwa karafuu huachia mafuta polepole, saa nyingi kuliko majani, sufuria itahitaji njia ya kuongezwa maji ya moto bila kufungua mfuniko. Nimeshaweka alama pa kutoboa.