Swali la Jioni la Naomi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo la juma hili ni Ruthu sura ya 2, nami naomba tukae zaidi kwenye mistari ya 17 hadi 22, ambayo mara nyingi huipita haraka tukikimbilia habari za Boazi na ndoa. Ni jioni. Ruthu, mkwe wa Naomi, ameokota masuke tangu asubuhi shambani mwa Boazi, ameyapura na kupata shayiri kadiri ya efa moja, ambayo kwa vipimo vyetu ni kama debe lililojaa, kisha ameibeba mwenyewe mpaka mjini. Naomi anauona mzigo. Hamwulizi amepata kiasi gani, kwa kuwa kiasi anakiona kwa macho. Anamwuliza ameokota wapi na amefanya kazi wapi, na anambariki aliyemjali hata kabla hajalijua jina lake.

Swali hilo nililisikia utotoni mwangu, nikiwa sijaanza kuisoma Biblia. Mama yangu aliuza ndizi hapa Moshi, katika soko la Mbuyuni. Tulishuka naye kutoka mlimani kungali giza, yeye na mkungu wa mshare kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, mimi na chana mbili tatu kwenye kikapu. Baadaye akaanza kuniacha niuze peke yangu siku za likizo, na jioni, kabla hajafungua pindo la kanga kuhesabu noti, aliniuliza: leo umeuza kwa nani? Nikimjibu kwamba nimemwuzia mama mmoja mnene, alikasirika. Alitaka kujua ni mama wa wapi, anapika mtori wa nyumbani au wa mgahawa, alichagua mkungu kwa kuutazama au kwa kuuminya, na kama alisema atarudi. Nilidhani ni uchunguzi wa kutaka kujua kama nimekula senti. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba pale kwenye kigoda, moshi ukituwasha macho, nilikuwa darasani.

Tukumbuke kwamba katika sura ya kwanza Naomi aliwaambia wanawake wa Bethlehemu kuwa alitoka akiwa amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Alisema kweli kadiri alivyojiona: mume amekufa, wana wawili wamekufa, chakula hakuna. Hata wazo la kwenda kuokota masazo halikutoka kwake. Mstari wa 2 unaonyesha wazi kwamba Ruthu ndiye aliyeomba ruhusa, na Naomi akamruhusu kwa maneno machache, akimwita mwanangu. Lakini jioni, jina la Boazi lilipotajwa, yule aliyejiita mtupu akajua mara moja ni mtu wa ukoo gani, ana wajibu gani kwao, na kwa nini inafaa Ruthu aendelee kufuatana na wasichana wa shamba lile asiende jingine. Binti alileta wazo na nguvu za mikono. Mama akaleta majina ya watu na historia yao. Ruthu Mmoabi, mgeni katika mji ule, asingeweza kuyajua hayo hata angeokota masuke mwaka mzima.

Ni mama wangapi katika jumuiya zetu wanaosema kama Naomi? Mimi sikusoma, sina cha kumwachia binti yangu. Nadhani sehemu ya sababu iko katika namna tulivyozoea kuheshimu kazi hapa Kilimanjaro. Kahawa ilikuwa zao la baba, na tangu mwaka 1933 ilikuwa na chama chake kikuu, KNCU, chenye ofisi mjini, mizani, vitabu na stakabadhi. Ndizi zilikuwa za mama, na hazikuwa na kitabu. Bei za msimu, mteja mwaminifu na mteja mwenye maneno matamu, yote yaliandikwa kwenye kumbukumbu ya mama na kunakiliwa kwenye kumbukumbu ya binti aliyeketi pembeni yake. Kwa kuwa hakukuwa na karatasi, tukasema mtoto anamsaidia mama tu. Hata wenzetu wa Kimaasai kule Arusha, ambao kwao binti hujifunza kutunga shanga akiwa ameketi na mama yake, akiambiwa rangi ipi ikae kando ya ipi na kwa nini, huwasikia watalii wakiita kazi ile urembo wa asili, kana kwamba iliota yenyewe kama majani.

Mithali 31 inatusaidia hapa. Sura ile ya mwanamke anayeangalia shamba akalinunua, anayefanya nguo za kitani na kuziuza, inaanza kwa kusema kwamba ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. (Habari ya shamba na urithi wa binti ni nzito; binti za Selofehadi, waliodai urithi wa baba yao, tutawafikia juma jingine.)

Sasa niseme jambo linalonihusu mwenyewe. Nilipomaliza shule nilimwambia mama kwamba sitaki meza ya ndizi, nataka cherehani. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu, zamu yake ya upatu ilipofika, aliniletea fedha yote ikiwa bado imefungwa kwenye pindo, akasema haya, nenda. Hakujua hata namna ya kukata mkono wa gauni. Hata hivyo, kila jioni aliniuliza nimemshonea nani, na ndiye aliyenionya kwamba mteja anayekusifu sana kabla nguo haijaisha huwa mgumu kulipa. Kwa upande wangu, M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 na miaka michache ikapita, nilimfundisha kupokea pesa kwa simu. Alikataa kwanza, akisema pesa isiyofungika kwenye kanga si pesa. Baadaye akawa hapakii mkungu hata mmoja kwenye fuso la Dar es Salaam kabla simu haijalia, na madeni yaliyomwumiza kwa miaka yakakoma. Ruthu naye, mstari wa 18, alimletea Naomi chakula alichokibakiza kwenye mlo wake wa mchana. Kulishwa kulikwenda pande zote mbili.

Nami nimekosea mahali ambapo mama yangu hakukosea. Binti yangu anashona mikoba ya vitenge na kuiuza Arusha na Marangu, na kwa muda mrefu swali langu la jioni limekuwa moja: umepata shilingi ngapi? Hujibu tarakimu, kisha huingia chumbani. Nilipolisoma somo hili kwa maandalizi ya juma, niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nauliza kuhusu efa ambayo tayari iko mezani.

Jumamosi iliyopita aliporudi, bibi yake, ambaye sasa anakaa nasi na macho yake yamepungua nguvu, alinitangulia kuuliza. Leo umeuza kwa nani, mjukuu wangu? Binti akamtaja mama mmoja wa Marangu mwenye nyumba ya wageni, aliyechukua mikoba sita na kuomba apunguziwe. Bibi akauliza huyo ni binti wa nani, wa upande gani wa mto, na alipojibiwa alicheka mpaka akakohoa.

“Usimpunguzie tena,” akasema. “Mama yake ana deni langu la mikungu miwili mpaka leo.”