Sentimita 34

Ami hakuja bandarini. Miaka 16 iliyopita ndiye aliyenibebea begi mpaka kwenye boti nilipokuwa nakwenda zangu Muscat, na moyoni nilijua nitamkuta palepale gatini. Nikaambiwa yuko nyumbani, juu. Kwamba sukari ilimkatisha mguu nilikuwa na habari, tukizungumza kwenye simu kila wiki. Nisilolijua, kwa kuwa yeye hakunambia wala mimi sikuuliza, ni kuwa tangu Ramadhani iliyopita hajatoka nje ya mlango.

Nyumba yetu iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ngazi za ndani zimesimama wima, ukishuka unaingia dakani, halafu kizingiti cha mlango wa nakshi, halafu kidato cha jiwe. Utotoni tulikuwa tukiviruka bila hata kuvitazama. Safari hii nilichukua futi: kutoka juu ya kizingiti mpaka chini uchochoroni ni sentimita 34.

Ami ni fundi wa bao. Kila baada ya laasiri wazee hukaa barazani nje, kahawa ikizunguka, na yeye juu dirishani akisikiliza kete zinavyolia. Nawashukuru wazee wale, hawakuacha kumpandishia kikombe chake hata siku moja. Lakini kahawa ya kupandishiwa si baraza.

Kwanza tukamhamishia chini, kwenye chumba kilichokuwa ghala. Shangazi alilia, akaona kama tunamshusha hadhi, na ilichukua siku tatu kumtuliza. Kisha tukamwita seremala. Tulitaka rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti cha magurudumu. Kipimo chake kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kwa 34, hiyo ni mita nne na kidogo, na uchochoro wetu kwa upana haufiki hata tatu. Basi tukailaza sambamba na ukuta, upande usio na baraza, na mbele ya mlango tukaweka jukwaa la kugeuzia kiti. Kutia saruji hatukutaka. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na mlango wa kale haukorogewi zege kwa uamuzi wa familia moja. Yetu ni ya mbao, vipande vitatu, usiku huingizwa ndani. Pembeni ina kingo ili gurudumu lisichomoke, na juu seremala alinyunyiza mchanga kwenye rangi mbichi, isije ikateleza wakati wa masika.

Wala msione nimekuja na elimu ya Uarabuni. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985, sheria yao ilipitishwa 2006. Wenyewe wamesema miaka yote hii, na mimi ni mmoja wa waliopita njia bila kusikiliza.

Jioni ya kwanza mjukuu alimteremsha polepole. Wazee wakasimama wote. Ami aliangalia bao, akasema mchezo ule umeshaharibika, zipangwe kete upya. Akacheza mpaka adhana ya magharibi. Wenzake walipoanza kuinuka akanigeukia: "Mwanangu, na msikitini nitaingilia wapi?"

Msikiti una vidato vitatu, na sakafu ya pahala pa udhu inateleza. Imamu keshakubali. Seremala anakuja kupima Jumamosi, na shangazi anashona vitambaa vya kufutia magurudumu kabla ya kupanda mikekani.