Chupa Niliyoiacha kwa Ajili ya Ndugu Yangu

Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada, nilimwalika ndugu mmoja wa kikundi chetu cha ushirika hapa mtaani Umoja, Nairobi, twende tukale nyama choma. Tuliagiza kilo moja ya mbuzi, ugali na kachumbari. Yeye akachukua soda, nami nikaagiza bia moja kama nilivyozoea, kwa kuwa nimeamini kwa miaka mingi kwamba Maandiko yanakataza ulevi wala si kinywaji chenyewe. Nilijua kwamba kabla ya kuokoka pombe ilikuwa imemtesa sana, lakini siku hiyo sikulifikiria hata kidogo. Mhudumu alipoifungua chupa yangu, niliona vidole vya ndugu yangu vikichuna karatasi ya soda, kipande baada ya kipande, huku macho yakiwa kwenye povu. Nyama ilipoletwa juu ya ubao, chumvi pembeni, aliomba radhi akaondoka bila kuonja.

Jioni alinipigia simu. “Ndugu, sikukasirika,” akaniambia. “Nilipokuona wewe unayetufundisha Neno, nilijiambia kwamba basi hata mimi naweza. Nilifika mpaka mlango wa baa ya pale stejini, nikarudi.”

Usiku ule nilisoma upya 1 Wakorintho 8. Nyama iliyokuwa ikibishaniwa Korintho ilitoka kwenye dhabihu za miungu. Nyingine ililiwa hekaluni kwenyewe, nyingine ikauzwa sokoni. Paulo anakubaliana na wenye ujuzi kwamba sanamu si kitu, na katika sura ya 10 anawaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza. Hata hivyo, anawaonyesha mtu dhaifu anayemwona mwenye ujuzi ameketi hekaluni, akapata ujasiri wa kula kinyume cha dhamiri yake, akapotea, naye, asema Paulo, “ni ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake.” Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi, na mara zote nilijiona upande wa wenye ujuzi, bila kumwona yule wa pili akiwa na uso.

Hapa lugha yetu inaweza kutupoteza. Siku hizi mtu akisema “nimekwazika” anamaanisha kwamba amechukizwa, na kwa sababu hiyo makanisani mwetu anayenung'unika zaidi ndiye anayewapangia wengine urefu wa sketi na mtindo wa nywele. Lakini kikwazo ni kile kinachomfanya mtu ajikwae, aanguke. Mzee anayechukizwa na gitaa ibadani hayumo hatarini kuanguka kwa sababu ya gitaa. Ndugu yangu alikuwa mlangoni mwa baa. Naamini tofauti hii ni kubwa, na Paulo mwenyewe aliishi nayo: alimtahiri Timotheo, mwenzake katika huduma, kwa ajili ya Wayahudi wa eneo lile, lakini watu walipotaka kuifanya tohara kuwa sharti la wokovu, Tito, mwenzake mwingine aliyekuwa Mgiriki, hakulazimishwa kutahiriwa, wala Paulo hakuwapisha hata kwa saa moja.

Kwa hiyo sijaanza kuhubiri kwamba bia ni dhambi, na sitamhukumu Mkristo anayekunywa moja kwa shukrani. Pia ndugu yangu hakuniomba niache, wala hakuna mzee wa kanisa aliyeniagiza. Angeniagiza, huenda ningetii tu, moyo ukiwa bado unadai haki yake. Niliacha mwenyewe, hata nikiwa peke yangu nyumbani, kwa sababu sijui ni nani atakayebisha hodi. Nakiri kwamba miezi ya kwanza ilinigharimu kuliko nilivyotarajia, hasa kwenye harusi na mikutano ya ukoo.

Mbuzi bado tunakula pamoja. Jumamosi tunashuka hadi soko la Burma kununua mguu, tunaukaanga au kuuchoma uani kwangu, na yeye ndiye anayeshika kisu.