Daftari la hewa: maharage, ndizi na kiporo (siku ya 31)

Sijaandika tangu siku ya 9, na sababu kubwa ni aibu. Data yangu yote ni hewa. Ndiyo, hiyo hiyo unayoifikiria. Kwa wageni: najaribu kufuatilia, nikiwa nyumbani hapa Moshi, safari ya makapimlo (wengi tunasema nyuzinyuzi, ile sehemu ya chakula ambayo miili yetu haiwezi kuimeng'enya) hadi kwa bakteria wa utumbo mpana. Mashine ya kupima kwenye pumzi haidrojeni, hewa wanayoitoa bakteria hao wakila, sina, kwa hiyo daftari lina safu tatu tu: nilichokula, saa niliyokula, saa nilipoanza kujamba.

Siku tano za kwanza zilikuwa za maharage ya njano, sahani moja saa saba mchana. Siku ya 2 yalinikuta kwenye daladala ya Kiboriloni, saa kumi na mbili kasoro robo, nimebanwa dirishani na nimepakata begi la mwanafunzi. Kesho yake ikawa karibu saa ile ile. Keshokutwa pia. Hapo mradi ukaninogea. Saa tano hivi ndiyo muda ambao mlo huchukua kupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba hadi kufika utumbo mpana. Yaani rafinosi, ile sukari ya maharage, ilisafiri njia nzima bila kuguswa, maana sisi binadamu hatuna kimeng'enya cha kuikata. Bakteria wanacho. Kile kilichonitia aibu kwenye daladala ni moshi wa jikoni kwao.

Siku ya 6 nikaingiwa na tamaa: maharage mchana, makande usiku, sahani imefurika. Tumbo likawaka, likavimba, usingizi hakuna. Mama Neema akasema, "Baba Neema, huo utafiti ukalale sebuleni." Tukalala sebuleni, mimi na utafiti. Nikapunguza hadi nusu, nikawa naongeza kijiko kimoja kimoja, na maji ya kulowekea nikawa nayamwaga, kwa sababu sehemu ya rafinosi huondoka nayo. Kufikia siku ya 20 sahani ile ile ilikuwa na kelele ndogo. Ukimlisha bakteria chakula chake kila siku huongezeka, na wengine humo humo ndani huila haidrojeni kabla haijatoka.

Sasa ndizi, ambazo ndizo zimenila muda wote huu. Sokoni Mbuyuni nilichagua mshare, ndizi za kupika, mbichi kabisa, mama muuzaji akauliza, "Za mtori, mwanangu?" Nikamwambia shikamoo mama, hapana, nataka kuzipaka dawa. Alinitazama kwa huruma. Nyumbani nikakata kipande, nikadondoshea tone la ayodini ya duka la dawa: papo hapo kikageuka bluu nyeusi kama wino umemwagika. Ndizi iliyoiva hadi ikatoka madoa ilibaki na rangi ya kahawia ya dawa yenyewe, wanga wake umeshageuka sukari. Ila mshare wa kuchemsha nao ukawa mweusi tii, na hapo nilikwama siku mbili nzima.

Kumbe ayodini inakuambia wanga upo, haikuambii nani ataumeng'enya. Wanga wa ndizi mbichi umefungwa kwenye chembe ngumu, vimeng'enya vyetu vinateleza tu juu yake. Ukichemsha, chembe zinavimba na kupasuka, na mtori wa moto (ile supu nzito ya ndizi) unaishia karibu wote utumbo mwembamba. Ukiuacha ulale, minyororo ya wanga inajipanga upya na sehemu yake inakuwa sugu tena. Kwa hiyo kiporo si chakula kile kile cha jana!

Asubuhi nne nikala mtori wa moto, asubuhi nne kiporo kikiwa baridi. Mtori: kimya. Kiporo: siku mbili kati ya nne, hewa kidogo, imechelewa, ya polepole. Tofauti ndogo, sitaitangaza redioni.

Huko chini kazi inagawanywa. Bakteria aitwaye Ruminococcus bromii ndiye mvunja mlango wa wanga sugu, majirani wanaokota makombo, na baadhi yao wanatoa butirati, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Mwingine, Bacteroides thetaiotaomicron, ana vimeng'enya zaidi ya 200 vya kukata sukari ngumu. Sisi hatufiki hata 20. Wala timu haidumu ile ile: kwa Wahadza wa Ziwa Eyasi, utafiti wa 2017 ulionyesha baadhi ya bakteria wanapungua sana msimu wa mvua na kurudi kiangazi, chakula kinapobadilika.

Butirati siwezi kuipima kwa masikio. Nilichoweza ni kumpata mtu wa pili, jirani, aliyekubali kwa sharti aitwe Mtu B. Ameleta ukurasa wake wa kwanza jana: maharage saa saba mchana, hewa saa mbili usiku. Saa saba nzima! Nimemrudishia daftari, arudie kwa siku tatu, na safari hii aandike na maji aliyokunywa.