Kusema "nakufa njaa" kwa Kihispania

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia kwenye somo hili akiwa na mtaji. "Tengo hambre" ni "nina njaa", neno kwa neno. Anayejikwaa ni yule anayepitia Kiingereza kwanza, akachukua kitenzi "kuwa" kisha akasema "estoy hambre", sentensi ambayo haipo. Amerika ya Kusini utasikia "estoy con hambre", nayo ni sahihi kwa sababu ya ile "con": niko na njaa.

Kwenye matamshi, h haisikiki na mkazo uko mwanzoni: AM-bre. Usichomeke irabu kati ya b na r. Na ile a iwe wazi kabisa, kwani ikiteleza ikawa o umesema "tengo hombre", yaani nina mwanamume.

Ukitaka kuongeza ukali, sema "tengo mucha hambre". Si "muy", kwa kuwa "muy" hukaa mbele ya kivumishi, na "hambre" ni nomino. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. "Hambre" ni ya jinsia ya kike, ila huanza na a yenye mkazo, kwa hiyo huchukua "el" na "un", vijineno vya nomino za kiume, kama "agua" (maji) inavyofanya. Kivumishi hubaki cha kike: "tengo un hambre tremenda". Hiyo "un" huwadanganya wengi wakaandika "mucho hambre". Hata wenyewe husema hivyo mitaani, lakini kwenye maandishi ni kosa.

Njaa ikishika kweli, "me muero de hambre", nakufa njaa. Badilisha pande zote mbili pamoja: te mueres, se muere, nos morimos. Unaweza pia kusema "estoy muerto de hambre", au "muerta" kama msemaji ni mwanamke. Chunga kitenzi tu. Ukiweka "ser", kitenzi kingine cha "kuwa", ukasema "es un muerto de hambre", umemtukana mtu kuwa ni fukara asiye na mbele wala nyuma.

Huko Uhispania wanapenda "tengo un hambre que no veo": njaa mpaka macho hayaoni. Wengine huishia "¡tengo un hambre...!" na kuiacha sauti ikining'inia bila kumalizia. Mimi naona hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na haihitaji msamiati wowote.

"Me comería una vaca entera" ni ningemla ng'ombe mzima. Usiidondoshe "me", kwani ndiyo inayobeba maana ya kula chote kisibaki. Tumbo likinguruma, "me rugen las tripas". Yanayonguruma ni matumbo, si wewe, ndiyo maana kitenzi kiko katika wingi.

Kuna pia "hambre canina", njaa ya mbwa, na "hambre de lobo", ya mbwa mwitu. Colombia husema "tengo filo", Uhispania "tengo gusa". Hizo ni za marafiki, si za mezani kwa mwajiri.

Neno "hambruna" liache kando hata ukiwa hujala tangu jana. Hilo ni baa la njaa, la nchi nzima.