Usafi wa Mwisho

"Choo kiko wapi?"

Ndilo swali la kwanza la mama nilipompa simu aitazame nyumba niliyoihangaikia wiki mbili nzima. Hakuuliza bei wala mji. Alivaa miwani, akapitisha picha moja moja kwa kidole cha shahada, akazirudia tangu mwanzo, kisha akanirudishia simu yangu. Picha zilikuwa kumi na nne: dirisha lenye maua ya waridi, jiko dogo rangi ya maziwa, kitanda kilichojibana chini ya mteremko wa paa. Choo kweli hakikuwemo.

Ilikuwa Februari 2018, tumekaa sebuleni kwetu Kiponda, Unguja, joto la kaskazi limetuama mpaka kichochoroni. Mdogo wangu alikuwa amejifungua Hamburg, Ujerumani, mwezi uliotangulia, na tulikwisha kukubaliana kuwa mimi na mama tutakwenda Julai, skuli zikifungwa. Mwezi huo aliuchagua mama. Alikataa katakata kufunga Ramadhani katika nchi ambayo jua linazama karibu na saa nne usiku.

Nyumba ya mdogo wangu ni chumba na sebule. Shemeji, mtu wa Tanga asiyependa kubanwa, akatoa shauri: wiki ya kwanza tubanane Hamburg, ya pili tukodi nyumba ya likizo Lübeck, dakika 45 kwa treni, sote watano tukihesabu na mtoto. Kutafuta nyumba nikaachiwa mimi, kwa kuwa ati mwalimu ana wakati.

Nilipoanza kusoma habari za mji huo nikapotea kabisa. Ni mji mkongwe kama wetu, umezungukwa na maji pande zote, mto Trave huku, Wakenitz kule. Zama za Hansa, wafanyabiashara wa bahari za kaskazini mwa Ulaya walipokuwa wameshikana, huo ndio uliokuwa mkubwa wao. UNESCO iliuingiza katika orodha yake 1987, miaka 13 kabla ya Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini kilichonimaliza ni vichochoro, ambavyo wenyewe huviita Gänge. Watu walipojaa kisiwani zamani hizo, wenye majumba ya mbele walitoboa njia chini ya majumba yao, wakajenga uani vibanda vya kupangisha masikini. Njia hizo zimebaki kama 90, na vibanda vya masikini siku hizi wanavigombania watalii. Unainama, unapita kizani hatua chache, unatokea kwenye uwanja wenye vyungu vya maua na milango midogo iliyopakwa rangi. Nikasema hapa ndipo. Mama atatoka Kiponda aingie Kiponda.

Kijerumani sikijui, nikategemea simu initafsirie. Ile simu ilikuwa na Kiswahili chake peke yake. "Nyumba haivuti sigara." "Wanyama kwa ombi." Na chini kabisa, kwenye hesabu, "Usafi wa mwisho: euro 65."

Nikamsomea mama kwa sauti.

"Usafi wa nini?"

"Wa mwisho."

Shangazi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Akaliweka sinia chini taratibu. "Wifi," akasema, "hao wanataka kukuosha kabisa."

Walicheka mpaka mama akavua miwani kujifuta machozi. Nikampigia mdogo wangu, akaeleza kuwa Endreinigung ni gharama ya kuisafisha nyumba mkishaondoka, na nyumba nyingi za likizo huko zinatozwa hivyo. Mama akataka apigiwe hesabu ya shilingi. Zaidi ya laki moja na nusu. "Ya kufagia? Mwambie ntafagia mwenyewe, na kudeki ntadeki."

Hapo nami nikazidisha kwa ujinga wangu. Nikawasimulia jambo nililolisoma: inasemekana mwenye jumba aliruhusiwa kuitoboa njia yake iwe nyembamba kama apendavyo, mradi jeneza lipite. Nilidhani watafurahi. Mji Mkongwe nani asiyejua kona zinazowatoa jasho wachukuzi wa jeneza? Mama alinitazama juu ya miwani.

"Usafi wa mwisho, na jeneza linapita. Mwanangu, unanitafutia nyumba ya likizo au unanitafutia nini?"

Kisha akarudi pale pale. Choo kiko wapi?

Mdogo wangu akamwandikia mwenye nyumba. Jibu likaja na picha mbili ambazo hazikuwemo kwenye tangazo. Choo kipo chini, kando ya jiko. Vitanda vyote vipo darini. Katikati ni ngazi ya mbao, imesimama wima kama ya kupandia tangini, na pa kushikilia ni kamba iliyofungwa ukutani.

"Mimi usiku naamka mara mbili," mama akasema. "Niteremke hiyo kinyumenyume gizani, kama mtu anayeshuka jahazini?"

Nilikasirika, nisiseme uongo. Siku mbili nilimjibu mama kwa neno moja moja. Wiki mbili zangu, waridi zangu, kichochoro changu. Ila hasira yenyewe ilikuwa na mzizi mwingine. Ile ngazi niliijua. Chini ya tangazo kulikuwa na mstari usemao kuwa nyumba haiwafai wenye taabu ya kutembea, simu ilinitafsiria vizuri tu, nami nikaupita. Sikuona kama unatuhusu. Kwangu mimi mama alikuwa bado ni yule wa kupanda ghorofa tatu na beseni la nguo kichwani, kwenda kuanika kwenye paa. Siku ile ya pili nikiwa nimenuna, nikaona kanga zake zimeanikwa kwenye dirisha la sebule. Nikajaribu kukumbuka zilianza lini kuanikwa hapo. Sikuweza.

Tukaanza upya, safari hii kwa masharti ya mama. Choo na kitanda viwe usawa mmoja. Dirisha liwe la kufunguka. Jiko liwe la kupikia si la kupashia. Na ngazi, hata za mlango wa nje, zihesabiwe. Mwezi mzima mdogo wangu aliandika barua za kuhesabisha Wajerumani ngazi zao, na wengine, nadhani, walituona wendawazimu. Mmoja hakutujibu kabisa. Mwengine alijibu "chache."

Halafu tukampata bibi mmoja mwenye nyumba mtaa wa An der Obertrave, unaofuata mto. Tangazo lake lilisema Hochparterre, yaani ghorofa ya chini iliyoinuliwa kidogo kutoka barabarani, na hilo "kidogo" ndilo tulilotaka kulijua. Yule bibi akajibu usiku huo huo. Vidato vitano. Kila kimoja sentimita 17. Pa kushikilia ni chuma, upande wa kulia wa anayepanda. Na picha: vidato vitano vya mawe, na juu ya kile cha kwanza amesimamisha futi ya fundi, nambari zinasomeka.

Mama aliikuza ile picha, akaitazama muda mrefu kuliko alivyotazama waridi zangu zote kumi na nne. Goti lake baya ni la kushoto.

"Huyu ni mtu," akasema. "Lipa."

Si kulipa tu, maana viza ilikuwa bado. Ukiomba viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na jirani zake, unatakiwa uoneshe pa kulala kabla hujajua kama utakwenda kulala, kwa hiyo lazima upate nyumba utakayoweza kuifuta bila hasara. Bibi wa vidato alikubali tufute bure mpaka siku 30 kabla. Tukakata bima ya safari ya kufidia mpaka euro 30,000, mdogo wangu akatafuta hati yake ya udhamini kule, tukapanda boti ya asubuhi kwenda Dar, Umoja House, kwenye ubalozi wa Ujerumani, mama na bahasha yake kifuani. Yaliyobaki yalikuwa ni kungoja, na kungoja hakuna la kusimulia.

Mashuka ndiyo yaliyoleta ubishi. Kwenye hesabu ya nyumba yalikuwa peke yake: ukitaka wakutandikie, euro 15 kwa kila mtu, la sivyo njoo na yako. Mama hakuliamini hilo. Nyumba ina sahani kumi na mbili, ina glasi za mvinyo nane, ina vikombe sita vya kusimamishia yai la kuchemsha, vyote vimeorodheshwa, na shuka haina! Mbuzi ya kukunia nazi aliuliza, akaambiwa tui huko ni la kopo. Akafungua sanduku lake la mbao na kutoa mashuka manne meupe na foronya zake za kudarizi, zilizokuwa zikingoja wageni tangu mimi niko skuli. Kilo nne za mizigo. Nilipinga, nikashindwa.

Tukafika Lübeck Jumamosi ya Julai, saa kumi jioni kama mkataba ulivyosema, si kabla. Vidato vilikuwa vitano. Mama alivihesabu kwa sauti akipanda, mkono wa kulia kwenye chuma. Ndani kulikuwa kusafi hata ukaogopa kuweka mkoba. Kisha akaenda kutandika, na ndipo tulipojua kuwa mto wa Kijerumani ni mraba, sentimita 80 kwa 80, umejaa manyoya. Foronya zetu zilikuwa za mto wa kikwetu. Tukawa wawili, mimi nashika mdomo wa foronya, mama anasokomeza kwa ngumi, na manyoya yanakimbilia pembe nyingine, kama kumvisha mtu mzima kanzu ya mtoto wa chuo cha Kurani. Nusu ya mto ilibaki nje. Alilala hivyo hivyo wiki nzima, darizi upande mmoja na Ujerumani upande mwingine.

Siku zile tulitembea polepole, kwa mwendo wa goti. Lango la Holstentor lililolemea upande kwa sababu ya ardhi chepechepe. Maghala ya chumvi kando yake, chumvi iliyokuwa ikitiwa samaki, na hapo mama akatoa darasa la ng'onda. Katika kanisa la Marienkirche, chini ya mnara wa kusini, zipo kengele mbili zilizoanguka mwaka 1942 Waingereza walipoupiga mji mabomu. Zimeachwa zilipoangukia, zimevunjika, zimezama kwenye sakafu. Mama alishika chuma cha uzio akazitazama kimya, kisha akanisogelea. "Hapa," akanong'ona, "usafi wa mwisho hawakufanya."

Siku ya tano akataka aoneshwe kile kichochoro changu. Ile nyumba sikuithubutu, nikampeleka mtaa wa Engelswisch, kwenye Hellgrüner Gang. Mlango wake wa kuingilia ni mfupi, hata mimi nisiye mrefu niliinama. Mama aliinama zaidi, mkono mmoja magotini, mwingine unapapasa tofali. Katikati ya kiza akasimama. Akanyoosha mikono kushoto na kulia; haikunyooka yote, viganja vilikwisha gusa kuta. Akaangalia juu, akaangalia tulikotoka, vile anavyoitazama kanga dukani kabla ya kutaja bei.

"Linapita," akasema. "Lakini wachukuzi wainame."

Shemeji alikuwa bado barabarani na kigari cha mtoto. Akauliza kwa sauti nini kinapita.

"Kigari," mdogo wangu akamjibu. "Kilete."